Bote za Numero 37

Nitaanza na muguu yangu, juu hapa Mushaki bantu banaijua kuliko banavyojua jina langu. Navaa viatu numero 42. Si 41 ya kujikaza, hapana, 42 ya kweli, na siku ya jua kali natamani 43. Jina langu ni Drocella, Mama Rukundo, lakini nikipita na bidon ya maji kichwani nasikia batoto ya jirani banasema, "Camion inapita, ile lori kubwa." Baseme. Hii muguu imenisimamisha kwenye mulima hii tangu nizaliwe, na wao kila mvua ikinyesha banafika kwenye masomo na matope mpaka kwenye matako.

Bwana yangu ni Sebarenzi. Analima maharage na anachunga mbuzi. Sebarenzi anasema maneno kumi kwa siku, na sita kati yake anaambia mbuzi. Mimi nabaki na ine. "Mama Rukundo, chakula iko?" Basi, imeisha, ngoja kesho.

Musifikiri ni muntu mubaya. Katika miaka makumi mbili ya ndoa amenipa zawadi, na zote nazikumbuka. Siku ya ndoa, bidon ya lita makumi mbili, mupya, na kifuniko yake. Tulipomuzaa Rukundo, jembe. Tulipomuzaa wa pili, mupini, juu ile ya kwanza ilikuwa imevunjika. Mwaka niliugua malaria karibu nife, nikapona, akaniletea kamba ya kufungia kuni. Siku moja nilichoka, nikamuambia, "Papa Rukundo, uniletee basi kintu ambayo haitanitumikisha!" Akafikiri siku mbili. Akaniletea kiti kidogo. Kiti ya kukalia wakati niko nachambua maharage. Nilicheka mpaka machozi, na kwa kweli ile kiti ni nzuri, iko mpaka leo.

Lakini kuna jambo moja napashwa kusema mbele, bila hivyo hamutanielewa. Mwaka ule tulikimbia vita, kwenye njia ya kuteremuka Sake, tulipotezana. Bantu walikuwa mingi, mvua ilinyesha, kila muntu na godoro yake kichwani. Alinitafuta siku tatu. Siku ya tatu akanipata kwenye uwanja ya nyumba ya masomo fulani, niko nachemsha mihogo ya kuombaomba. Nikamuuliza, "Umejuaje niko hapa?" Akasema, "Nilifuata muguu." Maneno mbili tu. Katika matope ile yote, na bantu ile yote, yeye aliinama chini akatafuta muguu yangu, akaipata, akaifuata. Mimi Drocella, na kinywa changu hiki chote, siku ile nililia tu.

Sasa tuje kwenye mambo ya zile bote za mvua.

Papa Édouard anasimamia mambo ya famille katika shirika yetu, lile kundi la jirani banaosali pamoja, nyumba kwa nyumba. Siku moja akatufundisha kama ndoa inakufa juu ya kukosa kuangaliana. Akasema kila bwana atafute sirprize, zawadi ya siri, ya bibi yake, na kila bibi ya bwana yake, kintu ya kuonyesha kama unamuangalia. Zote zitafunguliwa siku ya posho, yaani jumamosi, mbele ya siku ya Mungu, nyumbani kwetu, juu zamu ya kupokea shirika ilikuwa yetu. Bamama bakapiga makofi. Baba bakaangalia chini, sawa vile muntu anasikia mambo ya kodi.

Mimi yangu niliijua palepale. Kichwa ya Sebarenzi imeanza kubaki bila nywele, na hapa kwetu asubuhi ni baridi ya kukata masikio. Nilimushonea kofia ya uzi, rangi ya kijani na mustari ya manjano, nikaificha ndani ya chungu. Wiki mbili za kazi ya mukono. Na wakati niko nashona, nyumba ni nani anaiangalia? Ni mimi. Mulango ya mbuzi ikikataa kufunga, ni mimi. Ata ile siku ya Mungu mbele ya wiki ya sirprize, kijiti ya kuchomeka kwenye pete ya waya ilipotea, mbuzi zinataka kutoka ziende kwenye maharage ya bantu. Bwana iko wapi? Hayuko. Nikaingiza mukono kwenye miti ya paa ya jikoni, nikakuta kijiti kimoja pale, nikavunja kipande ya upana ya vidole mbili, nikachomeka, mbuzi zikalala. Kilichobaki nikarudisha palepale. Mimi siharibu vintu.

Kesho yake Sebarenzi akaenda Sake kuuzisha maharage. Akarudi jioni. Nikamuuliza soko ilikuwa namna gani. "Muzuri," akasema. Basi.

Siku ya pili, kuku yangu moja ikaingia chini ya kitanda kutaga. Nikapiga magoti, nikanyoosha mukono kutafuta yai, nikagusa sashe, mufuko ya plastiki. Nikaivuta. Ndani, bote. Bote ndefu za mupira, za kuvaa kwenye mvua, nyekundu, mupya kabisa, zinanuka duka. Moyo yangu ikaruka. Nikasema, "Eh Mungu, leo amefikiri! Si jembe, si kamba!" Juu bote zangu za zamani zilibaki kwenye njia ya Sake, na tangu ile mwaka natembea kwenye matope na babushi, malapa tu. Nikageuza chini kuangalia numero.

37.

Nikafikiri ni macho. Nikatoka kwenye mwangaza. 37. Nikakaa kwenye kiti yangu ya maharage, nikasema pengine ni numero ya Wachina, zao ni tofauti. Nikaingiza muguu. Vidole vikaingia, kisigino ikabaki inje inaniangalia. Nikasukuma. Nikasimama juu yake na uzito yangu yote. Ikaingia nusu, ikakwama. Sasa haiendi mbele, hairudi nyuma. Nikavuta, nikaita watakatifu kwa majina yao.

"Hodi!"

Mama Sidonie. Sidonie ni jirani yetu, mujane, anashona nguo na cherehani. Nikatupa kikwembe juu ya magoti mpaka chini, nikasema, "Karibu, Mama, niko napumuzika." Mimi? Kupumuzika saa ine ya asubuhi? Akanitazama sana. Akakaa. Na muguu yangu iko inachemuka ndani ya ile mupira.

Akaanza habari. "Mama Rukundo, jana nilikuwa Sake kununua uzi. Nikakutana na bwana yako. Iko anacheka peke yake!"

"Sebarenzi? Anacheka?"

"Ndiyo! Tukarudi na moto moja, pikipiki ya kulipa. Njia nzima amekumbatia sashe yake sawa mutoto muchanga. Nikamuuliza ni nini, akakataa kusema."

Njo nikaangalia chini. Miguu ya Sidonie. Kidogo, nyembamba, imepangwa vizuri ndani ya sandali sawa mikate ndani ya kikapu. Sikuwa nimeiangalia kwa miaka yote ile. Damu ikanipanda mpaka kwenye macho.

Alipoenda, nilimwaga mafuta ya mawese ndani ya bote, robo chupa, mafuta ya kupikia sombe, ndipo muguu ikatoka. Nikapanguza bote. Ikabaki na doa. Nikaifungia tena kwenye sashe, nikairudisha chini ya kitanda. Yai sikutafuta.

Mutaniambia, "Drocella, si umuulize tu?" Nimuulize Sebarenzi? Atanijibu maneno mbili, na mimi nilitaka yote kumi. Na tena niliogopa. Naisema wazi, niliogopa. Bwana ingine anaweza kukosa numero ya bibi yake, hakuna neno. Lakini huyu ni muntu aliyenichagua katika matope ya bantu elfu. Huyu hawezi kukosa. Kama bote ni 37, basi amezinunulia 37. Na kama macho yake yamehamia kwenye muguu ingine, siku tukikimbia tena, mimi nani atanifuata?

Kesho yake nikafanya uchunguzi. Nikamwaga majivu laini mbele ya mulango, nikamuita Sidonie aje kuchukua chumvi.

"Mama Rukundo, hii majivu ni ya nini?"

"Ya siafu."

"Siafu ziko wapi?"

"Zimeshaogopa. Pita, Mama, pita katikati."

Akapita. Alipoenda na chumvi yake, nikaleta bote, nikaiweka polepole juu ya alama. Sawasawa! Ata unywele haukuzidi. Ayiwe!

Ile siku sikupika. Nikasema kichwa inaniuma. Sebarenzi akachemsha viazi yeye mwenyewe, akaniletea kwenye sahani, akaweka na chumvi pembeni. Nikasema moyoni, angalia munafiki huyu. Nikakula zote, juu njaa haina hasira. Kiisha nikafunga vikwembe vyangu ndani ya mufuko. Nina kaka yangu, Habineza, iko kule Mpofi, upande wa Walikale. Ni mbali, na njia ile inakula moto pamoja na motari mwenye kuiendesha, lakini nikasema siku ya Mungu asubuhi niko njiani. Mbele ya kwenda, siku ya posho, nitamuaibisha mbele ya shirika yote. Na kofia yangu? Wiki mbili za kushona! Usiku wa kuamkia posho nikaichukua, nikaenda kwenye nyumba ya mbuzi, nikaivalisha beberu. Nikatoboa fasi ya pembe. Nikamuambia, "Vaa wewe. Wewe ni dume ya kweli." Nikafunga mulango.

Siku ya posho ikafika. Mbuzi hazikutoka ile siku, juu ya bageni. Bantu bakajaa kwenye uwanja yetu, kwenye mabenchi na kwenye mikeka. Mama Sidonie akakaa mbele kabisa, na miguu yake. Tukasali. Papa Édouard akafungua, akampa bibi yake Brigitte thermos. Brigitte akampa suruali, ikawa fupi, bantu bakacheka vizuri. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu maneno yangu, nayapanga, kila moja na moto yake.

"Papa Rukundo," Papa Édouard akaita, "ni zamu yako."

Sebarenzi akaingia ndani, akatoka na sashe. Nikashangaa. Akaja mpaka mbele yangu, akasema mbele ya bantu, "Mama Rukundo, hii ni yako."

Akatoa bote. Bantu bakaangalia bote. Bakaangalia miguu yangu. Bakaangalia bote tena. Muntu moja nyuma akasema, "Labda ni ya kuvaa kwenye vidole gumba," na uwanja yote ikapasuka. Baba banajipiga magoti. Brigitte analia na thermos yake mukononi.

Niliruka kwenye kiti. "Yangu? Yangu, Sebarenzi? Zawadi ya muntu ingine ukishaona aibu ya kumupa, njo unanipa mimi? Hii bote si yangu! Ni ya yule!" Nikanyoosha kidole. "Sidonie, simama, vaa! Vaa, bantu baone!"

Sidonie akasimama. Na yeye ana jeuri yake, musifikiri. "Nitavaa," akasema, "juu sina cha kuficha." Akavaa. Zikaingia sawa kisu kwenye siagi. Na uso ya Sidonie ikageuka, nikaona yeye mwenyewe ameogopa. Mujane, mbele ya shirika yote, na bote ya bwana ya muntu kwenye miguu.

"Muko mumeona!" nikasema. "Kesho naenda Mpofi."

Sebarenzi akaingiza mukono ndani ya koti yake, akatoa kijiti. Kijiti kidogo, kimetolewa maganda, cheupe. Akakiinua.

"Nilipima," akasema.

"Ulipima nini?" Papa Édouard akauliza.

Na hapo Sebarenzi akaongea kuliko mwaka yote. "Siku ya tano, ijumaa ya wiki iliyopita, nilimufuata kwenye chemchem. Akaacha muguu kwenye matope. Nikapima na kijiti, nikakata na kisu huku na huku. Nikaficha kwenye paa ya jikoni. Kule Sake, mwenye duka akaingiza kijiti ndani ya bote, akasema ni 37. Niliona kama ni ndogo."

"Uliona ni ndogo, na ulinunua?" nikalia.

Akakuna kichwa. "Nilifikiri labda katika mawazo yangu niliikuza. Juu ya kukuogopa."

Bantu bakacheka tena. Mimi sikusikia. Nilikuwa naangalia ile kijiti. Upande moja ilikatwa na kisu, laini. Upande ingine ilikuwa na meno, imevunjwa na mukono. Na mimi ile mukono naijua. Inaanzia kwenye bega yangu.

Nawaambia kweli, kulikuwa na dakika moja ambayo ningeweza kuficha. Hakuna aliyejua ila mimi na Mungu, na Mungu si muntu wa kusemasema. Ningesema, "Basi, yamekwisha, tusali." Sebarenzi angebaki mupumbavu asiyejua kupima, na mimi ningebaki Drocella. Lakini Sidonie alikuwa bado anasimama pale katikati, na bote nyekundu, anatafuta namna ya kuzivua bila kuinama mbele ya bantu. Ile aibu ni mimi nilimuvalisha.

Nikaondoka mpaka kwenye mulango ya mbuzi. Nikavuta kile kipande kwenye pete ya waya. Nikarudi nacho. Nikachukua kijiti mukononi mwa Sebarenzi, nikaunganisha. Meno kwa meno. Nikavua babushi, nikaweka kijiti chini, nikasimamisha muguu kando yake mbele ya shirika yote.

Sawasawa. Ata unywele haukuzidi.

"Ni mimi nilivunja," nikasema. "Nilifunga mbuzi na kipimo ya muguu yangu mwenyewe. Sidonie, dada, unisamehe. Nilikupaka uchafu mbele ya bantu."

Sidonie akataka kujibu, lakini hakupata nafasi. Mulango ya mbuzi sasa ilikuwa wazi. Zikatoka zote saba, mbio, zikapita katikati ya mabenchi, moja ikanyakua daftari ya Papa Édouard. Na nyuma ya zote, polepole, sawa mukubwa wa serikali, beberu akatoka na kofia ya kijani yenye mustari ya manjano.

Hapo hakuna aliyebaki kwenye kiti. Papa Édouard alikuwa anacheka na anafukuza daftari pamoja. Mama Sidonie alikaa chini kwenye matope na bote zake, anapiga mikono, "Mama Rukundo, na hii kofia ni ya nani? Nayo ulipima?"

Sebarenzi akamushika beberu pembe. Akaangalia kofia. Akaniangalia. Alielewa, huyu bwana, anaelewa vintu bila kuuliza. Akaivua, akaikung'uta mara mbili, akaivaa. Ilikuwa na matundu mbili juu ya masikio, na ilinuka beberu mpaka barabarani.

"Iko na joto," akasema.

Nikalia, sifichi. Nilimushika mukono mbele ya bantu, jambo ambalo kwetu hatufanyi, na nikamuambia, "Papa Rukundo, nilifikiri umesahau muguu yangu." Akanishangaa kabisa, sawa vile nimemuambia amesahau njia ya nyumbani.

Bote nyekundu zilibaki kwa Sidonie. Duka gani ingezipokea tena na mawese ndani? Mpaka leo anazivaa kila mvua, na akipita kwetu anasimama kwenye mulango, anauliza kama siafu ziko. Namujibu apite tu. Mufuko ya Mpofi niliufungua, vikwembe vikarudi kwenye kamba.

Siku ya soko iliyofuata Sebarenzi akapanda juu ya kiti yangu ya maharage kutafuta vile vipande vya kijiti kwenye paa ya jikoni. Alikuwa amevifunga pamoja na uzi. Nikamuambia, "Acha kijiti. Muguu yenyewe iko hapa, itakwenda." Tukapanda moto sisi wawili mpaka Sake, yeye na kofia yake yenye matundu. Kwenye duka, kijana mwenye kuuzisha akatuangalia, akauliza numero gani. Mimi nikataka kusema chini chini, sawa vile nasema siku zote. Sebarenzi akanitangulia. Akaweka kifua mbele, akasema kwa sauti ambayo soko yote iligeuka:

"Makumi ine na mbili, ya bibi!"

Nilihesabu. Maneno sita. Ile siku mbuzi hazikuambiwa kintu.